Kwa nini mstari wa 9 unatangulia mstari wa 7? Naomba kueleweshwa programu zinazoendeshwa na matukio

#1 Mgebuka_Mbichi (Kigoma, Katubuka)

Habari wakuu. Nimesoma lugha ya programu ya C mwaka mmoja chuoni, na nilichozoea ni kwamba kompyuta inaanza juu, inashuka mstari kwa mstari, ikifika chini kazi imeisha. Sasa natengeneza ukurasa mdogo wa JavaScript kwa ajili ya mama yangu mdogo anayeuza dagaa Kibirizi. Anaingiza kilo, ukurasa unachukua bei ya siku kutoka kwenye seva, unazidisha, unaonyesha jumla.

Kipande chenyewe hiki hapa, namba za mistari ni za faili langu:

6 let bei;
7 fetch(anwani).then(soma).then(hifadhiBei);
8 let kilo = 12;
9 jumla.textContent = bei * kilo;

Kwenye skrini inatoka NaN. Lakini nikisubiri kidogo nikaandika bei kwenye konsoli, namba ipo! Kwa hiyo mstari wa 9 ulikimbia kabla ya wa 7 kumaliza. Inakuwaje?

Tatizo la pili ni kitufe. Nimeandika hivi:

kitufe.addEventListener("click", hesabu());

Ukurasa ukifunguka tu, hesabu inafanyika yenyewe bila mtu kugusa. Halafu nikibonyeza, kimya. Hakuna hata kosa jekundu.

Nimetafuta maelezo, kila mahali naambiwa "hii inaendeshwa na matukio" na maelezo yanaishia hapo. Natanguliza shukrani.

#2 Fundi_Soketi

La pili ni jepesi. Toa mabano baada ya hesabu.

Ulivyoandika, umeiita fankisheni (kile kipande cha amri chenye jina) saa hiyo hiyo, halafu ukakikabidhi kivinjari jibu lake. Kwa kuwa hesabu yako hairudishi chochote, umekabidhi mkono mtupu. Kivinjari kinapokea mkono mtupu bila kulalamika, ndiyo maana huoni kosa. Ukiandika hesabu peke yake unakabidhi fankisheni yenyewe, ikaitwe baadaye mtu akibonyeza.

Ni kama kumwambia mtoto "mgeni akija, mfungulie mlango." Wewe umefungua mlango asubuhi, ukamwachia mtoto hewa.

#3 Binti_Ujiji

Fundi kamaliza la kitufe. Kwa lile kubwa, sahau kidogo neno "programu" na ufikirie nyumba.

Uko ndani unapepeta mchele. Hukai mlangoni kutwa ukichungulia kama kuna mgeni. Unaendelea na kazi, na nyumba nzima inajua utaratibu: mtu akija atapiga hodi. Hodi ndiyo tukio. "Karibu" na yote yanayofuata, mkeka, maji ya kunywa, ndiyo fankisheni uliyoiandaa tangu mwanzo. Mpangilio wa kodi yako, yaani amri ulizoandika, unasema tu *nani akipiga hodi afanyiwe nini*. Haukusema atakuja saa ngapi, na wala huwezi kusema.

Katika C yako ya chuoni, wewe ndiye uliyekuwa unatembea nyumba kwa nyumba. Hapa umekaa, wageni ndio wanaokuja. Jambo la kushika ni hilo la nani anamwita nani. Zamani kodi yako iliita maktaba. Sasa kivinjari ndicho kinachoita kodi yako.

#4 Mwalo_wa_Usiku

@Binti_Ujiji hodi ni nzuri kwa kitufe ila haielezi NaN ya mleta uzi. Kwenye NaN hakuna mgeni aliyekuja. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuma mtu.

Kwa kuwa mama mdogo wako yuko Kibirizi, twende mwaloni. Jioni mitumbwi inatoka na taa zake. Ikishatoka, wewe wa nchi kavu huendi nayo. Mstari wa 7 wako ni kusukuma mtumbwi majini, na hiyo kazi ya kusukuma inaisha mara moja. Mstari wa 8 unakuja, unaisha. Mstari wa 9 unadai dagaa wapimwe, na mtumbwi bado unaonekana kwa taa kule mbali! Utapima nini? Ndiyo NaN: bei haina kitu bado, na JavaScript ukiiambia izidishe kisicho na kitu mara 12 inakujibu "hii si namba".

Kwa hiyo mstari wa 7 umefanyika kwanza kweli. Kilichofanyika ni *kutuma*. *Kurudi* ni tukio jingine kabisa, na shughuli za kurudi zinakaa ndani ya then. Kuzidisha kwako hamishia humo, ndani ya hifadhiBei, baada ya bei kupokelewa.

Na mwaloni kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawaelezwi. Mitumbwi inaweza kuwa ishirini ziwani na yote inavua kwa wakati mmoja, lakini chukulia ubao wa kushushia ni mmoja. Anayeshusha akikawia, nyuma yake wote wanasubiri hata kama wamefika. Ubao huo ndio uzi mmoja wa JavaScript. Foleni ya mitumbwi ndiyo foleni ya matukio. Ukijua hilo umeshika zaidi ya nusu.

#5 MzeeWaStesheni (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Watu wa Kigoma kila somo lazima linuke dagaa, hata hili! Mimi nitatoa mfano wa reli maana hapa Tabora ndipo njia zinapoachana: moja inakwenda Kigoma, moja Mwanza, na ile ya Mpanda inachomoka Kaliua.

Reli yetu ya zamani ni ya njia moja. Treni mbili hazipiti kipande kimoja kwa wakati mmoja. Moja inaingizwa pembeni stesheni, inasubiri mwenzake apite. Stesheni masta hakai akitazama reli. Anapata taarifa kwamba treni imetoka stesheni jirani, na kila taarifa ina hatua yake. Hiyo ndiyo programu ya matukio.

Nyongeza ya historia: mtindo huu aliuanzisha Microsoft kwa Visual Basic, lugha yake ya kutengenezea programu, mwaka 1991. Sisi tulijifunzia toleo la 6. Unachora kitufe, unakibonyeza mara mbili, linafunguka dirisha limeshaandikwa Command1_Click, wewe unajaza tu. Sikuwahi kuchanganyikiwa kama vijana wa leo, kwa sababu somo la kwanza kabisa lilikuwa kitufe. Anayeanzia C ndiye anayeumia.

#6 Kumbukumbu_Tupu

@MzeeWaStesheni shikamoo mzee. Kwa heshima, Visual Basic iliusambaza mtindo huu, haikuuanzisha. Xerox PARC, maabara ya utafiti kule Marekani, walikuwa na madirisha, kipanya na lugha ya Smalltalk miaka ya 1970, na mwaka 1979 Trygve Reenskaug akiwa hukohuko ndipo alipobuni mpangilio wa MVC, wa kutenganisha data, sura na anayepokea amri za mtumiaji. Tena ukienda chini ya programu, kwenye chuma chenyewe, makatizo yapo kwenye kompyuta tangu miaka ya 1950: kifaa kinaigusa prosesa begani, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inashughulikia, inarudi.

Nakuunga mkono kwamba Visual Basic ndiyo iliyowafanya watu wa kawaida wajenge vitu vya namna hii bila kuwa wahandisi.

#7 MzeeWaStesheni (Tabora)

Marahaba. Nimepokea sahihisho. Hoja yangu ya kufundisha kitufe kwanza bado imesimama.

#8 Kasi_ya_Umeme

Mnamzungusha kijana bure. JavaScript inafanya mambo mengi kwa pamoja, ndiyo maana mstari wa 9 ulikwenda sambamba na wa 7. Hiyo tu. Dawa ni kuweka setTimeout ya sekunde mbili kabla ya kuzidisha, bei itakuwa imeshafika.

#9 Fundi_Soketi

@Kasi_ya_Umeme hapana kaka, hapo mawili hayako sawa.

Kwanza, kodi yako ya JavaScript kwenye ukurasa inaendeshwa na uzi mmoja. Mistari miwili haiendi sambamba hata siku moja. Kinachokwenda sambamba ni kazi za kivinjari chenyewe: kuongea na mtandao, kuhesabu saa, kusikiliza kipanya. Soma tena #4, mitumbwi mingi, ubao mmoja.

Pili, sekunde mbili ni kubahatisha. Mtandao wa mjini ukiwa mzuri bei inafika chini ya sekunde moja, umemchelewesha mama bure. Akienda vijiji vya kando ya ziwa kule kusini, sekunde mbili hazitoshi na NaN inarudi palepale. Usikisie mgeni atafika lini wakati yeye mwenyewe anapiga hodi.

#10 Kasi_ya_Umeme

Sawa kwa la pili. Kwa la kwanza, mbona Node.js, ile ya kuendesha JavaScript kwenye seva, wanasema inahudumia maelfu ya watu kwa mpigo? Uzi mmoja utawezaje?

#11 Kumbukumbu_Tupu

Swali zuri, na ndilo lililomfanya Ryan Dahl atoe Node.js mwaka 2009. Miaka kumi kabla yake, 1999, Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo aliloliita C10K: seva moja ihudumie vipi wateja elfu kumi kwa pamoja? Mtindo uliozoeleka ulikuwa kumpa kila mteja uzi wake au mchakato wake. Kila uzi unakula kumbukumbu, na nyingi zinakaa bure zikisubiri mtandao. Jibu la wengi likawa uzi mmoja usiosubiri kitu: tuma, nenda kwa mwingine, ukiitwa rudi. Nginx, programu ya seva ya wavuti, ilitoka 2004 kwa wazo hilohilo.

Ila usiseme Node nzima ina uzi mmoja. Kodi yako ndiyo yenye uzi mmoja. Nyuma kuna maktaba ya libuv yenye kundi la nyuzi, nne kama hujabadilisha, na ndizo zinazofanya kazi za mafaili na baadhi ya hesabu nzito. Mtandao wenyewe kwa kawaida hauzihitaji, mfumo endeshi unatoa taarifa moja kwa moja.

#12 Nyota_ya_Mwanga

Naomba kuuliza. Mnasema uzi, uzi. Uzi huu tunaoandika na uzi wa kompyuta ni neno moja?

#13 Binti_Ujiji

Neno moja, mambo mawili. Huu wa hapa ni mazungumzo yanayofuatana. Ule wa kompyuta ni mfuatano wa amri ambao prosesa inaufuata. Hata hivyo picha inafanana: ukishika ncha, unaufuata mpaka mwisho, huwezi kuruka.

#14 Asali_Mbichi (Tabora)

Nitoe kisa changu kuhusu huo ubao wa #4, maana kiligharimu kazi.

Nilitengeneza ukurasa wa kumbukumbu za asali kwa kikundi cha wafugaji nyuki. Ndoo, tarehe, nani kaleta, kilo. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kumbukumbu zilipofika maelfu mengi, wakibonyeza "Ripoti" ukurasa unaganda. Huwezi kushuka chini wala kubonyeza "Ghairi", hata maandishi hayachaguliki. Mama mmoja mtunza hazina akadhani kompyuta imekufa, akaizima kwenye swichi, na kazi ya asubuhi nzima ambayo haijahifadhiwa ikapotea. Niliumia sana siku ile kwa sababu kosa lilikuwa langu, na aliyeomba radhi alikuwa yeye.

Sababu: ndani ya fankisheni ya kubonyeza niliweka lupu inayopita kumbukumbu zote na kupanga upya. Lupu ile ikikimbia, ubao umekaliwa. Mbonyezo wa "Ghairi" ulikuwa umefika kabisa, umo kwenye foleni, lakini hauwezi kushushwa mpaka lupu iishe. Hata kuchora skrini kunasubiri zamu.

Niligawa kazi: kumbukumbu mia tano, kisha setTimeout(endelea, 0), kisha mia tano nyingine. Kila kipande kikiisha, vingine vinapata nafasi ya kupita. Baadaye nikahamishia hesabu kwenye Web Worker, ambayo ni uzi wa pembeni kabisa, ikimaliza inapiga hodi kwa ujumbe.

#15 Simu_Janja_Kgm

Kwenye Android ni hivyohivyo. Uzi mkuu ukishindwa kujibu mguso kwa sekunde 5, simu inamletea mtumiaji kibao cha kumwambia programu haijibu, achague kusubiri au kuifunga. Kwa hiyo @Asali_Mbichi kwa simu angeambiwa na simu yenyewe.

#16 Mgebuka_Mbichi

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Nimetoa mabano, kitufe kinafanya kazi! Nimehamishia kuzidisha ndani ya hifadhiBei, jumla inatoka.

Ila @Asali_Mbichi, hiyo setTimeout yenye 0 imenichanganya. Sifuri si "sasa hivi"? Kwa nini isiite moja kwa moja?

#17 Mwalo_wa_Usiku

Sifuri maana yake "usinicheleweshe zaidi ya lazima, ila nipange foleni." Mtumbwi uliofika sasa hivi nao unapanga nyuma ya waliotangulia, na aliyeko kwenye ubao anamaliza kwanza. Namba ile ni muda wa chini kabisa, haina ahadi ya muda wa juu. Tena vipima muda vikizaana, kimoja ndani ya kingine zaidi ya mara tano, kivinjari kinaweka angalau milisekunde 4 hata ukiandika sifuri.

Jaribu hiki, usikisome tu, kikimbize (andika ni fankisheni yako ya kuonyesha neno, na mbili na tatu ni fankisheni zinazoandika majina yao):

andika("moja");
setTimeout(mbili, 0);
Promise.resolve().then(tatu);
andika("nne");

Kabla hujabonyeza, andika kwenye karatasi unadhani itatoka vipi.

#18 Mgebuka_Mbichi

Niliandika moja, mbili, tatu, nne. Imetoka moja, nne, tatu, mbili!

#19 Mwalo_wa_Usiku

Ndivyo. "Moja" na "nne" ni kodi iliyoko kwenye ubao tayari. "Tatu" imo kwenye ahadi (ndiyo hiyo Promise), na ahadi zina foleni yake ndogo inayomalizwa yote kabla ya kuugusa mtumbwi mwingine. Chukua hivi: mtumbwi umeshusha makreti, kumbe chini kuna kandoro za wavuvi wenyewe. Hizo nazo zinashushwa hapohapo, ndipo ubao uachiwe mwingine. "Mbili" ndiyo mtumbwi mwingine.

#20 MzeeWaStesheni (Tabora)

Hapa mfano wa mwalo unalegea. Mwaloni mwenye nguvu za kusukuma anaweza kupenya. Kwenye reli mpangilio umeandikwa na hauvunjwi: treni ya abiria inapewa njia, ya mizigo inangoja pembeni. Foleni mbili zenye uzito tofauti zinaeleweka haraka zaidi kwa treni.

#21 Mwalo_wa_Usiku

Mzee, treni zina ratiba. Matukio hayana ratiba. Dagaa wanategemea giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haiendi, taa hazivuti samaki. Hapo ndipo mfano wangu unaposhinda, hujui wa kwanza kurudi ni nani na hujui kama wote watarudi na kitu.

#22 Binti_Ujiji

Na hodi haina ratiba wala haihitaji ziwa. Nyote wawili mmeanza na kitu kilichoondoka halafu kinarudi. Kitufe hakijaondoka popote.

#23 Mwalimu_wa_Zamu

Niwe mkweli, hii mifano yote mimi darasani naiacha kuanzia wiki ya pili. Nachora ubaoni lupu moja tu:

rudia milele: kama foleni ina tukio, lichukue, iite fankisheni yake, kama haina, subiri.

Basi. Mwanafunzi akiona kwamba chini ya yote kuna lupu ya kawaida kabisa, aina ileile aliyoisoma kwenye C, uoga unaisha. Programu za Windows zilizoandikwa kwa C zina lupu hiyo waziwazi: GetMessage, kisha DispatchMessage, mwandishi mwenyewe anaiandika. Kwenye kivinjari imefichwa, na kufichwa huko ndiko kunakowapoteza wanaotoka C. Kwa hiyo mimi sikubaliani na @MzeeWaStesheni. C kwanza si kosa. Kosa ni kumrusha mtu kutoka C hadi kwenye kitufe bila kumwonyesha kilicho katikati.

#24 MzeeWaStesheni (Tabora)

Mwalimu, mtoto hujifunza kuongea kabla ya sarufi. Mwache abonyeze kitufe kitokee kitu, atauliza mwenyewe kilicho chini.

#25 Fundi_Soketi

Mimi nilielewa kwa njia tofauti na zenu zote: kwa waya.

Nilifunga ubao wa Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuunganisha waya, nyumbani uhesabu mara ngapi boya la tangi la maji linapanda. Mwanzo niliandika kuchungulia: loop inasoma pini, inasubiri sekunde kwa delay, inasoma tena. Boya likicheza ndani ya ile sekunde, ubao haujui. Nikahamia kwenye katizo. Uno ina pini mbili za katizo la nje, ya 2 na ya 3. Unatumia attachInterrupt, unaipa pini, fankisheni na aina ya badiliko. Umeme ukipanda, prosesa inaacha yote na kuiita fankisheni.

Tangi likajaa mara moja, hesabu ikasema kumi na moja. Nikadhani ubao mbovu. Kumbe swichi ya chuma ikifunga, vibamba vinarukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na kila mruko ni tukio. Dawa yangu: nikipokea tukio, napuuza mengine yote kwa milisekunde 50.

Niliyojifunza hapo: ndani ya fankisheni ya katizo usiweke delay, haifanyi kazi mle. Fanya kidogo sana, weka alama, toka. Alama hiyo iwe volatile, la sivyo kikusanyaji (kompaila) kinaweza kudhani haibadiliki. Kazi nzito ifanywe na loop ikiona alama. Sasa mkisoma #14 mtaona ni ugonjwa uleule kwenye mashine mbili tofauti.

#26 Nyota_ya_Mwanga

Fundi, hilo la tangi nalihitaji nyumbani. Boya umelinunua wapi?

#27 Fundi_Soketi

Soko la Mwanga, kwa wauza vifaa vya mabomba. Njoo inboksi, tusiharibu uzi wa watu.

#28 Kumbukumbu_Tupu

@Fundi_Soketi katizo si sawasawa na tukio la JavaScript. Katizo *linakatiza*, katikati ya kazi. Tukio la JavaScript halikatizi mtu, linasubiri fankisheni iliyopo iishe yote. Hiyo ni tofauti kubwa. Kwenye Arduino thamani inaweza kubadilika ukiwa katikati ya kuisoma. Kwenye JavaScript, ndani ya fankisheni moja ya kawaida, hakuna anayekuingilia. Mleta uzi asichanganye.

#29 Fundi_Soketi

Kweli. Lakini mtu akishaona tangi lake mwenyewe likihesabiwa kumi na moja, somo la matukio halimtoki.

#30 Kasi_ya_Umeme

Nakuja na heshima baada ya #9. Jana nimepata kisa kinachofanana na swichi ya Fundi, upande wa malipo. Duka la ndugu yangu linapokea malipo ya simu. Mteja akilipa, kampuni inayounganisha malipo inatuma taarifa kwenye seva yetu. Taarifa moja imekuja mara mbili, mfumo ukaandika mauzo mawili, stoo ikapungua mara mbili.

Nilikuwa nimeandika "ukipata taarifa, punguza mzigo." Sasa kila taarifa naangalia kwanza namba ya muamala, kama ipo kwenye daftari tayari, najibu nimepokea na sifanyi kingine.

#31 Simu_Janja_Kgm

Umefanya sahihi. Anayetuma asipopata jibu la kupokelewa kwa wakati, anatuma tena. Kwa hiyo jibu haraka kwanza, kazi ndefu baadaye. Na taarifa zinaweza kufika zimepishana, ya pili kabla ya ya kwanza. Usitegemee mpangilio wa kufika.

#32 Asali_Mbichi (Tabora)

@Mgebuka_Mbichi neno moja kuhusu fetch, maana litakupata. Mtandao ukikatika kabisa, ahadi inavunjika na inakwenda kwenye catch, sehemu ya kushughulikia makosa. Lakini seva ikikujibu 404 (haijakipata ulichoomba) au 500 (imepata hitilafu), ahadi *haivunjiki*, inaingia kwenye then kama kawaida, kwa sababu jibu limefika, hata kama ni jibu baya. Ndani ya soma angalia ok kabla ya kuamini bei. Nilikaa siku mbili nikitafuta hilo.

#33 Nyota_ya_Mwanga

Swali la pembeni. Kwa Kiswahili, ile fankisheni unayoikabidhi iitwe baadaye tuiite nani? Naona wengine "kolibeki", wengine "mwito wa kurudi".

#34 Mwalimu_wa_Zamu

Darasani nasema "kolibeki" kwa sababu wataikuta kwenye mitihani. Nikieleza nasema "fankisheni ya kuachiwa", kama unavyomwachia mtu maagizo.

#35 Binti_Ujiji

"Maagizo" yenyewe yanatosha. Nimemwachia maagizo. Akija fulani, fanya hivi. Bibi yangu hajawahi kugusa kompyuta na angeelewa.

#36 MzeeWaStesheni (Tabora)

Kwenye "maagizo" naungana na Ujiji moja kwa moja.

#37 Mgebuka_Mbichi

Nimerudi kutoka Kibirizi. Mama mdogo ametumia ukurasa asubuhi nzima kwa simu yake. Nimeweka kukagua ok kama @Asali_Mbichi alivyosema, na mara moja imesaidia kweli, badala ya NaN amepata "bei haijapatikana, jaribu tena."

Lakini kuna jipya. Mtandao ulikuwa mzito, akabonyeza "Hifadhi", hakuona kitu, akabonyeza tena na tena. Mauzo ya kilo 12 yameandikwa mara tatu. Nilipomwuliza akasema, "Mwanangu, si nilikuwa nahakikisha?"

#38 Kasi_ya_Umeme

Swichi ya Fundi, hiyo hapo! Weka milisekunde 50 za kupuuza.

#39 Fundi_Soketi

Hapana, hapa haitoshi. Swichi yangu iliruka yenyewe ndani ya milisekunde chache. Huyu ni mtu, anabonyeza baada ya sekunde tatu, nne. Mstari wa kwanza wa fankisheni andika kitufe.disabled = true, badilisha maandishi yawe "Inahifadhi...", halafu kwenye finally, inayofanyika jibu likiwa zuri au baya, ukirudishe.

#40 Simu_Janja_Kgm

Na kitufe peke yake hakitoshi pia. Akifunga ukurasa na kuufungua tena kabla jibu halijarudi, kitufe kitakuwa kizima. Kila mauzo yapewe namba yake ukurasani kabla ya kutumwa, yahifadhiwe simuni mpaka seva ithibitishe, na seva ikikuta namba imeshaandikwa isiandike tena. Ni ileile ya #30.

#41 MzeeWaStesheni (Tabora)

Mnaona sasa? Kijana kaanza na kitufe, amefika kwenye mambo mazito ndani ya siku chache.

#42 Mwalimu_wa_Zamu

Mzee, kaanza na C.

#43 Mgebuka_Mbichi

Nimeweka la Fundi usiku huu. La namba ya mauzo naanza kesho asubuhi, nitaweka kodi hapa mnikosoe. Mama mdogo anauliza kama inawezekana kitufe kikishahifadhi simu itetemeke kidogo, ili asihitaji kutazama skrini mikono ikiwa na dagaa.

#44 Simu_Janja_Kgm

Inawezekana kwa Android: navigator.vibrate(200), uiweke ndani ya then, baada ya seva kuthibitisha. Usiiweke kwenye kubonyeza.